Chuma hakiungi mfupa

"Daktari, mtanitia vyuma?" Swali hilo huulizwa hata sijaiweka picha kwenye taa. Mara ya mwisho aliniuliza mgema aliyeteleza mnazini akaangukia kiganja. Kilimbili, yaani kifundo cha mkono, kilikuwa kimevimba, na ukikitazama ubavuni kimepinda kama mgongo wa uma wa mezani. Nilimjibu kwamba ndiyo, atatiwa. Lakini kwanza nilimwomba anionyeshe vidole.

Nilimgusa gumba, kidole cha shahada na cha kati, kimoja kimoja. "Hapa naona ganzi, kama sisimizi wanapita." Neva ya vidole hivyo hupita katika mfereji mwembamba mbele ya kilimbili, na mfupa uliosogea pamoja na uvimbe huweza kuibana. Mfupa wenyewe unaweza kungoja siku kadhaa uvimbe upungue. Neva haingoji. Ganzi ikizidi saa baada ya saa, hata mkono ukiwa umeshanyooshwa na kufungwa, basi mfereji ule hufunguliwa usiku huohuo. Kwa hiyo ukimpeleka mtu hospitali, iwe Makadara au kwengineko, taja ganzi kabla ya maumivu.

Si kila mfupa wa kilimbili uliovunjika unahitaji kisu. Daktari mpasuaji Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya Röntgen kugundua eksirei, na aliamini kwamba hata mkono uliobaki umepinda baadaye hufanya kazi. Kwa bibi wa miaka 80 anayetaka kushika kikombe na kufunga leso yake, mara nyingi ni kweli, nami humfunga plasta bila kumsukuma kwenye upasuaji. Kwa mgema mambo ni mengine. Mvunjiko wake uliingia ndani ya kiungo, vipande vitatu, kimoja kimezama. Uso wa kiungo ukibaki na ngazi ya kama milimita 2, kila anapogeuza mkono gegedu linasagika, na baridi ya viungo humfika mapema.

Tulimpasua upande wa kiganja, kati ya ukano na mshipa ule tunaoupapasa kuhesabu mapigo. Ukishaunyanyua msuli mdogo wa mraba unaolala juu ya mfupa, vipande unaviona, na damu iliyoganda imejisokota katikati yao. Ile damu huoshwa yote. Kipande kilichozama hunyanyuliwa taratibu, kikashikizwa kwa waya mwembamba, tukakipiga picha palepale mezani. Kisha likaja bamba la titani na skrubu zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, zikakaa chini kidogo ya gegedu kama boriti chini ya dari.

Hapa pana jambo ninalolishikilia sana. Skrubu ikichomoza nyuma ya mfupa, hata kidogo, hukwaruza ukano unaonyanyua gumba, na baada ya wiki au miezi ukano unaweza kukatika. Kipimo kikisoma milimita 22, mimi natia skrubu ya 20.

Mfupa mwingine unaotunyima usingizi ni ule mdogo chini ya gumba, ambao jina lake la kitaalamu linatokana na mashua kwa Kiyunani. Damu yake huingilia upande wa vidoleni na kurudi nyuma, kwa hivyo ukikatika kiunoni, nusu ya nyuma yaweza kufa. Picha ya kwanza huenda isionyeshe kitu, mtu akaambiwa ameteguka tu. Maumivu yakibaki hapo, fungwa mkono na upigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Na tafadhali, mfupa wowote uliovunjika usikandwe mafuta. Anayekuja wiki ya nne kutoka kwa mkandaji, mara nyingi mfupa umeanza kuunga kombo, na huenda tukalazimika kuuvunja upya.

Chuma hakiungi mfupa. Kinavishika vipande tu mpaka mwili uviunge, ili vidole visilale. Hili nilijifunza kwa mama mmoja, miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Picha yake ilikuwa nzuri mno, mfupa umekaa sawasawa. Sikumwambia achezeshe vidole, naye kwa kuogopa akauning'iniza mkono shingoni wiki sita. Vidole vilikauka. Mpaka leo hawezi kukanda unga wa chapati, na lile ni kosa langu. Sasa kabla mgonjwa hajatoka wodini namtaka akunje ngumi mbele yangu, alie asilie, na aufundishe mkono huo kila saa ya mchana.

Mgema alirudi siku ya 14 kutolewa nyuzi. Ganzi imebaki kidogo kwenye ncha ya shahada. Akauliza lini atapanda mnazi. Nikamwambia mfupa utashika kwa wiki kama sita, lakini kuuning'iniza mwili wote kwenye mkono huo, angoje miezi mitatu. Akaanza kuihesabu, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, kwa vidole vya mkono uleule.