Delta ya ndani ya Mto Niger haipotezi maji

Kila andiko la mradi wa umwagiliaji linaloletwa mezani kwangu kuhusu Mto Niger lina sentensi ileile: delta ya ndani ya Mali (uwanda wa mafuriko ulio mbali na bahari) "inapoteza" maji, tuchimbe mfereji tuyaokoe. Nimechoka kuisoma.

Ni kweli, baada ya Ségou mto hutawanyika kwenye uwanda mpana, na sehemu kubwa ya maji huwa mvuke kabla ya kufika Timbuktu. Lakini yanakuwa yameshafanya kazi. Samaki huzaliana kwenye nyasi zilizofurika. Mafuriko yakiwa haba, nyavu za Wabozo, wavuvi wa delta hiyo, hutoka na vidagaa. Maji yakishuka, nyasi ya burgu hubaki kijani wakati Saheli yote imekauka, ndiyo maana Wafulani huvusha ng'ombe wao mtoni pale Diafarabé, kwenye delta hiyo. Mpunga nao hupandwa humohumo. Ukiyahamisha maji hayo hujaokoa kitu: umemnyang'anya mvuvi na mfugaji, ukampa mwenye shamba. Huenda ni uamuzi halali, basi uandikwe hivyo, na hasara ya samaki iingizwe kwenye hesabu. Waliotaka kuikwepesha Nile isipite vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini ya leo, walizungumza vivyo hivyo. Uchimbaji wa mfereji wao, wa Jonglei, ukakatishwa na vita mwaka 1984.

Wengine hudhani mafuriko hufuata mvua ya palepale. Timbuktu maji hujaa Desemba au Januari, kiangazi kabisa, kwa sababu maji ya mvua ya nyanda za juu za Guinea, yanayofikia kilele Koulikoro, mji ulio kabla ya delta, mwezi Septemba, huchukua miezi kuivuka delta. Niamey, mji mkuu wa nchi ya Niger, mto hujaa mara mbili: kwanza kwa vijito vya karibu, halafu kwa maji ya Guinea. Mwenye pampu asitazame mawingu, aulize kipimo cha Koulikoro.

Eti mto unatoka jangwani? Unaanzia Guinea, yapata kilomita 240 tu kutoka Atlantiki, kisha unaipa bahari mgongo na kuzunguka kilomita 4,180 hivi.

Na tafadhali, wanaochanganya delta mbili: mafuta hayako Mopti, mji wa delta ya ndani. Yako kwenye delta nyingine, ya Nigeria, mto unapoingia baharini, yalikogunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Urani ya nchi ya Niger vilevile haihusiani na mto. Inachimbwa Arlit, ndani ya Sahara.