Je, wajua kwa nini mlinganyo mmoja hunyooka na mwingine hupinda?

Chukua mlinganyo y = x³ − x na uutengenezee jedwali dogo. Ukiweka x = −1, y ni 0. Ukiweka x = 0, y ni 0. Ukiweka x = 1, y ni 0 tena. Tia nukta hizo tatu kwenye karatasi ya grafu, uziunganishe kwa rula, utapata mstari uliolala juu ya mhimili wa mlalo. Mchoro utapendeza, lakini si sahihi. Jaribu x = 0.5: kipeo chake cha tatu ni 0.125, ukitoa 0.5 unabaki na −0.375. Jaribu x = −0.5, unapata 0.375. Kumbe kushoto kwa sifuri grafu ilikuwa imepanda juu ya mhimili, na kulia ikashuka chini yake, nasi hatukuona lolote kwa sababu tuliipima pale tu ilipokuwa ikivuka.

Ikiwa jedwali linaweza kutupoteza kiasi hiki, basi grafu si nukta chache zilizounganishwa. Ni nini hasa?

Anza na karatasi tupu. Ukichora mihimili miwili, mmoja wa mlalo na mwingine wa wima, ikatane kwenye sifuri, kila mahali pa karatasi hiyo hupata jozi ya namba: umbali wa kwenda kulia au kushoto, kisha umbali wa kwenda juu au chini. Hayo ndiyo majira ya nukta. Mlinganyo nao ni swali ambalo kila nukta huulizwa. Mlinganyo y = 2x + 1 unauliza: je, namba yako ya pili ni mara mbili ya ile ya kwanza, ukiongeza moja? Nukta (2, 5) inajibu ndiyo. Nukta (2, 6) inajibu hapana, hata kama iko jirani kabisa. Grafu ni mkusanyiko wa nukta zote zilizojibu ndiyo, bila kuacha hata moja, na bila kuingiza hata moja iliyojibu hapana. Mimi naona sentensi hiyo ingefaa kufundishwa kabla ya jedwali lolote, maana mengine yote yanatoka humo.

Sasa, kwa nini nukta zilizojibu ndiyo kwa y = 2x + 1 hujipanga kwenye mstari mnyoofu? Hakuna aliyeziamuru. Tazama kinachotokea ukisogea. Ukienda hatua 1 kulia, y huongezeka 2. Ukienda nusu hatua, huongezeka 1. Ukienda sehemu moja ya mia, huongezeka sehemu mbili za mia. Uwiano ni uleule popote unapoanzia na hata hatua iwe ndogo namna gani. Chora pembetatu mraba chini ya kila hatua, ndogo na kubwa, uone kwamba zote zina pembe zilezile. Ili njia ipinde, lazima mahali fulani mwelekeo wake ubadilike. Hapa hauna pa kubadilikia. Namba ile 2 iliyo mbele ya x ndiyo mteremko, na 1 ya mwisho inasema mstari unakata wapi mhimili wa wima.

Kwa y = x² mambo ni tofauti. Kwa x = 0, 1, 2, 3, 4 tunapata 0, 1, 4, 9, 16. Toa kila namba kwenye inayoifuata: 1, 3, 5, 7. Nyongeza yenyewe inakua. Kila hatua ya kulia inapanda zaidi ya iliyotangulia, kwa hiyo mteremko unazidi kuwa mkali na mstari unalazimika kupinda kuelekea juu. Upande wa kushoto ni taswira ileile iliyogeuzwa, kwa kuwa −3 na 3 zote zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe hutoa 9. Umbo hilo ndilo parabola. Mfuatano huohuo wa 1, 3, 5, 7 Galileo aliuona katika vitu vinavyoanguka: katika vipindi vya muda vilivyo sawa, umbali unaoongezwa hufuata namba witiri. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638 alionyesha pia kwamba kitu kilichorushwa, tukiacha ukinzani wa hewa, husafiri kwa njia ya parabola. Kinachokipindisha mbele ya macho yetu ndicho kinachoipindisha grafu ya x².

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1637, Mfaransa René Descartes alikuwa ametoa *La Géométrie*, kazi iliyounganisha aljebra na maumbo. Wakati huohuo Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alikuwa amefikia wazo hilo kwa njia yake, ila maandishi yake yalizunguka kwa mkono miongoni mwa wanahisabati na hayakuchapwa hadi 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. Kwa Descartes, safari mara nyingi ilianza kwenye umbo na kuishia kwenye mlinganyo. Fermat alianza na mlinganyo wenye namba mbili zisizojulikana akauliza unachora nini, na hiyo ndiyo njia tunayoifuata leo tukishika penseli. Ukikifungua kitabu cha Descartes ukitafuta mihimili miwili iliyokatana kama msalaba, hutaiona. Sura hiyo ilikamilishwa na waliomfuata. Alichotuachia yeye ni desturi ya kuziita namba zisizojulikana x, y na z, na zile zinazojulikana a, b na c.

Uzuri wa kuuona mlinganyo kama swali unadhihirika zaidi kwenye x² + y² = 25. Hapa huwezi kuweka x ukasubiri y moja itoke. Ukiweka x = 3, nukta mbili zinajibu ndiyo: (3, 4) na (3, −4). Ukiweka x = 6, hakuna hata moja. Lakini soma swali lenyewe. Kwa kanuni ya Pythagoras, x² + y² ni umbali wa nukta kutoka sifuri, uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mlinganyo unauliza tu: je, uko umbali wa 5 kutoka katikati? Zinazojibu ndiyo haziwezi kuwa kitu kingine ila duara lenye nusukipenyo cha 5. Badilisha 25 iwe 0, duara lote linanywea kuwa nukta moja. Weka −1, na karatasi inabaki tupu, kwani hakuna namba mbili halisi ambazo vipeo vyake vya pili vikijumlishwa hutoa namba hasi. Karatasi hiyo tupu nayo ni grafu kamili na sahihi.

Turudi kwenye suala la kuunganisha nukta, maana ndipo makosa mengi hutokea. Kwa y = 1/x, nukta (−1, −1) na (1, 1) zote zimo. Ukizifunga kwa mstari utapita katikati, kwenye x = 0, mahali ambapo mlinganyo hauna jibu lolote, kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri. Grafu halisi ni vipande viwili vilivyotengana: kadiri x inavyokaribia sifuri, kimoja kinapaa juu bila kikomo na kingine kinazama chini. Hata vikokotoo vya kuchora grafu huweza kunaswa hapa. Vinakokotoa nukta nyingi zilizokaribiana, kisha vinaziunganisha, na pengine hutokeza mstari wa wima ambao haumo kabisa katika mlinganyo. Tunaruhusiwa kuunganisha nukta pale tu tunapojua kwamba y haikatiki ghafla kati yake, na hata hapo ni lazima tujue njia inapinda vipi.

Na milinganyo miwili ikichorwa kwenye karatasi moja? Nukta inayojibu ndiyo kwa yote miwili iko pale michoro inapokutana, kwa hiyo kutatua milinganyo pamoja ni kutafuta makutano. Chora y = x², kisha y = 2x: vinakutana kwenye (0, 0) na (2, 4). Teremsha mstari hatua moja, uwe y = 2x − 1. Sasa unaigusa parabola mara moja tu, kwenye (1, 1). Uteremshe tena, y = 2x − 2, nao unapita chini bila kuigusa popote. Ndiyo sababu mlinganyo wenye x² huweza kuwa na majibu mawili, moja, au kukosa jibu kabisa miongoni mwa namba halisi: mstari umekata, umegusa, au umepita kando.