Je, mnara wa simu unaweza kusema ulikuwa nyumba gani?

Hauwezi. Unachoweza kusema ni kwamba simu yako, saa fulani, ilishika mtandao kupitia antena fulani iliyoelekea upande fulani. Kati ya maneno hayo na "mshtakiwa alikuwa eneo la tukio" kuna pengo kubwa, na mtu anaweza kufungwa kwa sababu tu hakuna aliyeliona.

Tazama mnara ulio karibu nawe. Zile antena nyembamba zilizosimama wima mara nyingi zimepangwa pande tatu, na kila upande unahudumia nyuzi 120. Upande mmoja huitwa sekta, na kila sekta ina namba yake. Ukipiga au kupigiwa, ukituma ujumbe au kufungua intaneti, kampuni ya simu huandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: namba zilizohusika, tarehe, saa, muda uliotumika, namba ya sekta na IMEI ya simu, ile namba ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#. Mistari hii haikuanzishwa kwa ajili ya polisi. Kampuni inaitumia kukutoza na kujua mnara upi umeelemewa. Polisi huja baadaye kuiomba.

Sasa piga hesabu. Sekta ya nyuzi 120 inayofika kilomita 2 ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4. Ikifika kilomita 10, eneo linakuwa kama kilomita za mraba 105. Mjini minara imebanana na sekta inaweza kuishia mita mia chache, lakini mashambani inafika mbali sana. Mtandao wa 2G kwa kawaida hukomea kilomita 35 hivi, kwa sababu hupima umbali wa simu kwa hatua za takriban mita 550, na hatua hizo huishia ya 63. Ndani ya eneo hilo lote, mstari wa kumbukumbu ni uleule: aliyekuwa chini ya mnara na aliyekuwa mwisho wa sekta wanaandikwa sawa.

Tena simu haishiki lazima mnara ulio karibu. Inashika ule inaousikia vizuri na wenye nafasi. Ghorofa au kilima kikiziba, mnara wa jirani hausikiki na wa mbali unapokea. Uwanja ukijaa mashabiki, baadhi ya simu husukumiwa minara mingine. Juu ya maji hakuna cha kuzuia mawimbi, hivyo simu ya mtu aliye ufukweni inaweza kushika mnara wa ng'ambo ya ghuba. Waliofika Namanga wanajua: hujavuka mpaka, lakini simu imeshapokea ujumbe wa kukukaribisha nchi ya pili.

Kuna na kosa la saa, ambalo kwetu lina hatari yake. Kumbukumbu nyingi za kompyuta huandikwa kwa saa za dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Mstari unaosema 17:42 UTC ni 20:42 kwa saa za hapa, yaani saa 2 na dakika 42 usiku. Shahidi anasema "saa mbili usiku", mpelelezi anasoma 17:42 akidhani ni saa kumi na moja jioni, na tayari mtu amewekwa mahali ambapo hakuwa kwa wakati huo.

Denmark ilionja uchungu wa makosa ya namna hii. Mwaka 2019 iligundulika kwamba programu ya polisi iliyobadilisha data ghafi za kampuni za simu kuwa ramani na majedwali ilikuwa ikiacha baadhi ya taarifa njiani, na baadaye ikaonekana kwamba simu nyingine zilihusishwa na minara isiyo yake. Mwendesha mashtaka mkuu alisimamisha matumizi ya ushahidi huo mahakamani kwa miezi 2. Kesi takriban 10,700 za tangu mwaka 2012 ziliwekwa kwenye orodha ya kupitiwa upya, na mahabusu 32 waliachiwa. Mstari wa kampuni unaweza kuwa sahihi kabisa, kisha ukaharibika mikononi mwa anayeutafsiri.

Mpaka hapo mtu anaweza kudhani ushahidi wa minara ni dhaifu tu. Mstari mmoja, ndiyo. Mistari elfu kumi ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ilipo kesi muhimu kuliko zote katika suala hili, ya Carpenter dhidi ya Marekani.

Mwaka 2011 polisi wa Detroit walikamata wanaume wanne kwa uporaji wa maduka ya Radio Shack na T-Mobile. Mmoja alikiri, akataja wenzake na kutoa namba za simu. Waendesha mashtaka wakapata amri za mahakama chini ya sheria ya mwaka 1986 iliyowataka waonyeshe tu kwamba kumbukumbu zina uhusiano na uchunguzi, kiwango cha chini kuliko kinachohitajika kwa hati ya upekuzi. Kwa amri hizo walipata alama 12,898 za mahali ilipokuwa simu ya Timothy Carpenter, mmoja wa washukiwa, katika siku 127, wastani wa alama 101 kwa siku. Kila alama peke yake ilikuwa sekta pana, kuanzia theluthi moja ya kilomita ya mraba hadi zaidi ya 10. Zote kwa pamoja zinaonyesha mtu analala upande gani, anasali wapi na anamtembelea nani.

Tarehe 22 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kuchukua kumbukumbu hizo ni upekuzi, na kwa kawaida polisi lazima wawe na hati inayotolewa kwa sababu ya msingi. Jaji Mkuu John Roberts alilinganisha ufuatiliaji huo na kumfunga mtu kifaa cha kumfuatilia mguuni, tena kifaa kinachorudi nyuma miaka hadi 5, kwa kuwa kampuni zinaweza kuhifadhi data muda huo. Mahakama ilisema kuchukua data za siku 7 tayari ni upekuzi. Dharura iliachwa nje, kwa mfano kumfuata anayetoroka au kumwokoa aliye hatarini. Carpenter mwenyewe hakutoka: mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilisema polisi walifuata sheria ya wakati ule kwa nia njema, na hukumu ya hatia dhidi yake ikabaki.

Hukumu hiyo iliacha makusudi mambo mengine bila kuyaamua. Moja ni kuifuatilia simu papo hapo, ambapo kampuni huiuliza simu iko wapi na GPS yake inaweza kujibu kwa usahihi wa mita chache ikiona anga vizuri. Jingine ni kuomba namba zote zilizoshika mnara mmoja kwa saa fulani, jambo linalowaingiza kwenye jalada mamia ya watu waliopita njia tu. Nje ya hukumu hiyo kuna pia mnara bandia, kifaa kinachojifanya mtandao ili simu za jirani zijitambulishe. Kwa hicho, Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaagiza maofisa wake mwaka 2015 wawe na hati, isipokuwa kwa dharura na hali chache za kipekee.

Na hata hati ikiwepo na ramani ikiwa safi, kinachoonekana ni simu. Nani aliyeibeba ni swali la mashahidi, kamera na maongezi yenyewe. Kubadilisha laini hakumfichi mtu, kwa sababu IMEI inabaki ileile. Simu ikizimwa, kumbukumbu huishia kwenye sekta ya mwisho na baada ya hapo hazisemi chochote, si kwa upande wa mashtaka wala wa utetezi. Lakini mtu akiapa kwamba alikuwa Mwanza usiku ule na simu anayokiri alikuwa nayo imeshika mnara wa Morogoro, upana wa sekta hautamsaidia.

Wakili anayepewa ramani yenye duara jekundu kuzunguka mnara aanze kwa kukataa duara hilo, maana sekta huenea upande mmoja na mwisho wake haukatwi kwa mstari. Aombe faili ghafi la kampuni, sio jedwali la polisi. Aulize saa zimeandikwa kwa majira gani. Aulize kama kuna aliyekwenda na kifaa cha kupimia kuona ni sekta zipi hasa zinasikika pale kwenye tukio. Kisha aombe orodha ya minara kama ilivyokuwa tarehe ya tukio, kwa sababu mafundi hupanda, hugeuza antena nyuzi kadhaa, huongeza mnara mpya jirani, na orodha ya leo inaweza kuwa na namba ileile ya sekta ikiangalia mtaa mwingine.