Kumkagua mbunge wa Kenya: kura zake ziko wapi, na pesa zake je?

Kura nyingi zinazopigwa katika Bunge la Kitaifa hazina jina la mtu. Spika anauliza, wanaounga mkono wanasema "Ndiyo", wanaopinga wanasema "La", naye anatangaza upande ulioshinda kwa kusikiliza tu. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, itaandika kwamba hoja ilikubaliwa, basi. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali linaloonyesha jinsi mbunge fulani "alivyopiga kura" kwa kila mswada wa mwaka mzima, muulize alizitoa wapi.

Majina huandikwa pale ambapo wabunge wamepinga uamuzi wa Spika na kudai kura ihesabiwe, au pale Katiba inapotaka idadi maalum. Hoja ya kumwondoa Naibu Rais, kwa mfano, inahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani angalau 233 kati ya 349. Tarehe 8 Oktoba 2024, hoja dhidi ya Rigathi Gachagua ilipata kura 281 za kuunga mkono, 44 za kupinga, na mmoja akajizuia. Kura kama hizo ni chache, lakini ndizo zenye ushahidi usioweza kukanwa jukwaani.

Sasa tuchukue Mswada wa Fedha wa 2024, maana hapo ndipo watu wengi walipojifunza kusoma orodha ya kura, na ndipo wengi walipoisoma vibaya. Uliposomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni, waliosema ndiyo walikuwa 204, la 115. Uliposomwa mara ya tatu, tarehe 25 Juni, ndiyo zikawa 195, la 106, na kura 3 zikaharibika. Orodha zilizosambaa mitandaoni mara nyingi zilichanganya siku hizi mbili. Hizi ni kura tofauti. Kusomwa mara ya pili ni kukubali au kukataa wazo kuu la mswada, huku kukiwa bado na nafasi ya kuurekebisha. Kusomwa mara ya tatu ni kuupitisha jinsi ulivyo baada ya marekebisho. Mbunge anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba alikubali tarehe 20 ili arekebishe vifungu. Lakini basi lazima aonyeshe marekebisho aliyoyaleta, na kura yake ya tarehe 25.

Hapo katikati ndipo penye kazi. Kati ya hatua hizo mbili Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia mswada kifungu kwa kifungu. Anayetaka kubadilisha kitu huwasilisha marekebisho kwa jina lake, na marekebisho hayo huchapishwa kwenye ratiba ya shughuli za siku. Kura za hatua hiyo kwa kawaida ni za sauti, lakini jina la mleta marekebisho lipo, na maneno aliyotaka yaongezwe au yafutwe yapo. Kwangu mimi, karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba kumi za mazishini. Kumbuka pia kwamba mapendekezo makubwa huwa tayari yameamuliwa kabla ya hapo, kwenye kamati ya idara. Ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari na VAT ya mkate viliondolewa kwenye mapendekezo ya Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, kabla mswada haujafika kura ya mara ya pili. Mbunge asiyekuwa kwenye kamati hiyo akijigamba kuwa "aliokoa mkate", tafuta jina lake kwenye ripoti ya kamati.

Tena kuna kutokuwepo. Jumlisha hesabu ya tarehe 25 Juni: 195, 106 na 3 ni 304, katika Bunge lenye viti 349. Kukosa kura si kosa peke yake. Mtu huugua, mwingine yuko safarini kwa kazi ya Bunge. Linganisha na siku nyingine. Ukiona anahudhuria kura nyepesi na kupotea kila kura yenye moto, hiyo nayo ni kura. Katiba, ibara ya 103, inamwondolea kiti mbunge anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya Spika wala maelezo ya kuridhisha, ila hilo linahesabu kuhudhuria, halihesabu kupiga kura. Anaweza kuingia ukumbini, akahesabiwa, akatoka.

Unapotafuta kwenye faili za Hansadi, usitegemee jina pekee. Wabunge wana majina matatu au manne na uandishi wake hubadilika. Anayezungumza huandikwa jina, kisha kwenye mabano eneobunge na chama. Tafuta kwa eneobunge. Kwa mwakilishi wa wanawake, tafuta kwa kaunti. Na chini ya kurasa utaona tahadhari kwamba nakala ya kielektroniki ni ya habari tu. Ukiitaka kwa ajili ya mahakama, omba nakala iliyothibitishwa.

Kuhusu vipaumbele, tazama miswada yake binafsi, maswali aliyouliza na kamati anayokaa. Usihukumu kwa idadi. Alama za kila mwaka, kama zile za Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, zinasaidia kujua nani yuko kimya kabisa, lakini kusema mara nyingi si kusema jambo. Na mswada binafsi kukwama si lazima uwe uzembe: ukihusu pesa, ibara ya 114 inataka pendekezo la kamati ya bajeti kwanza, na muhula wa Bunge ukiisha, miswada ambayo haijakamilika huanguka.

Pesa za kampeni ndizo ngumu. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013 ni nzuri ukiisoma: akaunti maalum ya kampeni, kutangaza michango, na mchangiaji mmoja asizidi asilimia 20 ya michango yote. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza viwango vya juu vya matumizi Agosti 2021, pamoja na shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, lakini havikutumika katika uchaguzi wa 2022. Kanuni za kuitekeleza zilihitaji kibali cha Bunge, na hazikukipata. Walioombwa kufunga mkanda ndio walioshika mkanda. Matokeo yake ni kwamba hakuna daftari la umma la nani alimpa mbunge wako shilingi ngapi, na anayekuuzia orodha kamili ya wafadhili anakuuzia uvumi.

Unabaki kupita pembeni. Anza na watu waliojulikana hadharani kuwa walimsaidia, kisha angalia kampuni zao kwenye fomu ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa na huombwa kupitia eCitizen. Majina ya kampuni hizo yatafute kwenye tovuti ya zabuni za serikali na kwenye orodha ya miradi ya NG-CDF, hazina ya serikali ya maendeleo ya maeneobunge. Kasoro ya njia hii ni kwamba hisa huwekwa kwa jina la shemeji au dereva, kwa hiyo kukosa jina hakumsafishi mtu, na kulipata hakumtii hatiani. Ni mahali pa kuanzia maswali tu.

Usichanganye NG-CDF na mfuko wa mbunge mwenyewe. Basari na madarasa yanayozinduliwa kwa picha yake ukutani ni pesa za walipa ushuru: sheria ya 2015 inaitengea hazina hiyo angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua kila eneobunge peke yake. Katika ripoti yake, ruka salamu za mwanzo na uende kwenye msingi wa maoni ya ukaguzi. Hapo ndipo utakuta mradi umetajwa kwa jina, kiasi kilicholipwa na hati iliyokosekana.

Ukikosa hati yoyote, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu, na ikikataa unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maombi yanayokwama ni yale ya "nipeni habari zote za mbunge". Andika hivi badala yake: orodha ya waliopata basari, mwaka wa fedha fulani, jina la shule na kiasi kilicholipwa shuleni. Usiombe majina ya watoto. Utakataliwa kwa sababu halali, na siku zako 21 zitakuwa zimeisha bure.