PhD ya uhandisi inawezekana hata kama kusoma kunakusumbua

Kwenye kitengo chetu cha ushauri kwa wanafunzi hapa Arusha wanakuja watu wana masters ya uhandisi kabisa, wanaitaka PhD ila wanaiogopa. Ukikaa nao unakuta shida sio hesabu wala akili, ni disleksia, yaani ubongo unachelewa kuunganisha herufi na sauti, na mtu kafika hapo alipo bila mwalimu hata mmoja kumwambia.

Mara nyingi ilijificha shule ya msingi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anasoma taratibu lakini anafika. Akiingia form one masomo yanageuka Kingereza, herufi zile zile hapa zinatamkwa hivi pale vile, ndo anaanza kuitwa mzembe. Sio mzembe jamani, kafanya kazi kuwazidi wenzake miaka yote hiyo.

Sasa PhD haipimi spidi ya kusoma. Chukua mfano wa utafiti wa floridi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno yakizidi, maana maji mengi ya huku Meru yanayo ya kuzidi na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukitafiti chujio la mkaa wa mifupa, unatakiwa uonyeshe linashika floridi kiasi gani na kwa nini, basi. Pepa za utafiti za wenzako anza na grafu, halafu acha kompyuta ikusomee kwa sauti huku macho yanafuata. Hatari kubwa iko maabara: 1.53 inaingia kwenye daftari kama 1.35 na huioni hata ukirudia, so kifaa kihifadhi data chenyewe, na pale ambapo lazima unakili kwa mkono, mwenzako asome daftari kwa sauti we ukiangalia mashine.

Sapvaiza, yaani msimamizi wa utafiti wako, mwambie mapema, kabla ya propozo ya utafiti, na omba kitu kinachoshikika. Kwa mfano maoni yake akurekodie kwa sauti badala ya kujaza peni nyekundu ukurasa mzima, na siku ya kutetea tasnifu maswali marefu yaulizwe moja moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya elimu, lakini chuo kitataka karatasi, kwa hiyo tafuta ripoti ya mwanasaikolojia au mtaalam wa elimu maalum. Chuo cha Patandi pale Tengeru wanafundisha walimu wa elimu maalum, ni pazuri pa kuanzia kuuliza.

Na kama we ndo wa kwanza kwenye ukoo kufika chuo, huko Moshi mama atauliza masomo gani haya hayaishi na ada ya wadogo zako nani atalipa. Mweleze mapema kwamba ni miaka mitatu, minne au zaidi ya utafiti, sio mtihani wa mwisho wa mwaka. Mambo ya chuo yenyewe muulize aliyekutangulia, hata yale unayoona aibu kuuliza, barua kwa sapvaiza inaandikwaje, nauli ya kongamano anatoa nani, kwa sababu wenzako wenye wazazi wasomi haya waliyasikia nyumbani wakila.