Joho la Sparta na hiyo hadithi ya damu

Nimeulizwa tena, mara ya tatu mwezi huu: "Mwalimu, si Wasparta, wale askari wa Ugiriki ya kale, walivaa nyekundu ili damu isionekane?" Wengine husema nguo ya vita ilikuwa ya kujificha, wengine ya kutisha. Leo naandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo niendelee na chai yangu.

Kujificha tulimalize haraka. Hoplita, yaani askari wa miguu wa Kigiriki mwenye ngao nzito, alisimama bega kwa bega na wenzake, mchana kweupe, na ngao ya upana wa karibu mita moja. Ajifiche wapi? Wa kujificha walikuwa wapelelezi. Vegetius, mwandishi Mrumi wa mambo ya vita, anaeleza mashua za doria za Warumi zilizopakwa rangi ya bahari, tanga na kamba vilevile, hata nguo za mabaharia. Kazi nyingine, nguo nyingine.

Sasa damu. Xenophon, mwandishi Mgiriki wa karne ya 4 KK, aliishi na Wasparta, akawajua. Anasema nyekundu ilichaguliwa kwa kuwa haifanani kabisa na mavazi ya wanawake na inafaa zaidi vitani. Damu haigusi. Habari ya damu imo katika maandishi yanayobeba jina la Plutarch, Mgiriki mwingine, zaidi ya miaka 400 baadaye. Na aliyewahi kufua shuka jekundu lenye damu iliyokauka anajua: doa linabaki jeusijeusi.

"Basi walitaka kutisha." Hapa ndipo ninapochoka kabisa, maana ni nusu ya kweli. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, anasema askari wa Roma walichomeka kwenye kofia manyoya matatu, ya zambarau au meusi, marefu kama dhiraa moja, ili mtu aonekane mrefu maradufu na adui aingiwe na hofu. Haya, mmeshinda. Lakini someni aya iliyotangulia! Velites, vijana wepesi waliotangulia kurusha mikuki, wengine walifunika kofia zao kwa ngozi ya mbwa mwitu. Kwa nini? Mbali na kujikinga, ili makamanda wao wawatambue kwa mbali, waone nani anapigana na nani anazembea. Ngozi ile tunayodhani ilimtisha adui ilikuwa ya kusomwa na bosi aliye nyuma. Ngao ya morani wa Kimasai ni vilevile: sirata zake, yaani michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, zilitaja rika lake na upande anakotoka. Ukiuliza "kuficha au kutisha" tu, umewasahau watu wa kwao.

Kinachoninyima raha ni hiki: wote hawa wanatueleza vazi lilikusudiwa kufanya nini. Yule aliyeyatazama manyoya yale kutoka upande wa pili hatumsikii. Huenda alicheka.

Plutarch huyohuyo ana kisa cha Msparta aliyechora nzi kwenye ngao, mdogo kama nzi wa kweli. Wakamtania kwamba anataka asijulikane. Akasema ni kinyume chake: yeye humsogelea adui mpaka adui amwone huyo nzi vizuri.