Corsair si Corsair: hesabu panga za propela kwanza

Juzi tena. Nimekaa kijiweni, kijana ananisogezea simu nione video ya Soto, rubani wa Honduras aliyepigana na El Salvador kwa Corsair, ndege ya kivita ya propela: "Mzee, huyu Soto alikuwa hatari, maana ndege zilikuwa sawa kabisa, Corsair kwa Corsair." Nimechoka. Naandika hapa ili siku nyingine nitume linki tu.

Hili la kwamba vita vile vilitokana na mpira nalimaliza haraka. Honduras na El Salvador, majirani wa Amerika ya Kati, hazikupigana Julai 1969 kwa sababu ya mechi tatu za kufuzu Kombe la Dunia. Wasalvador kama 300,000 walikuwa wanaishi Honduras, wengi wakulima, na sheria ya ardhi ikaanza kuwang'oa. Mpira ulikuwa kiberiti. Petroli ilishamwagika zamani.

Sasa Julai 17. Marubani watatu wa Honduras wako angani: Soto, Acosta na Zepeda. Mizinga ya Zepeda inakwama, ndege mbili za kivita za El Salvador, aina ya Mustang, zinamvamia. Soto anarudi, anaiangusha moja, ya Kapteni Douglas Varela. Baadaye siku hiyo hiyo anakutana na Corsair mbili za El Salvador, anaziangusha zote. Kapteni Cezeña aliruka na parachuti. Kapteni Cortez hakuwahi.

Hapo ndipo watu wanaponiudhi. Za El Salvador zilikuwa FG-1D, zilizoundwa na Goodyear (ndiyo, hao hao wa matairi) wakati wa Vita vya Pili. Ya Soto ilikuwa F4U-5N, muundo uliokuja baada ya vita kwisha. Land Cruiser ya babu yako na ya waziri nazo zina jina moja.

Huamini? Hesabu panga za propela: FG-1D tatu, F4U-5 nne. Gonga bawa upande wa nje: FG-1D nyuma ya mhimili wa bawa ni kitambaa kilichopakwa dawa, kinalia kama ngoma, F4U-5 ni bati. Injini zote ni R-2800 za silinda 18, ila ya F4U-5 ina nguvu zaidi na mfumo tofauti wa kuisukumia hewa. FG-1D ina bunduki sita za milimita 12.7, F4U-5 ina mizinga minne ya milimita 20. Risasi ya 12.7 inatoboa. Ya mzinga wa 20 inaingia, halafu inapasuka humo ndani. Na risasi zenyewe, ukishikilia kitufe, hazimalizi dakika moja, kwa hiyo kila sekunde ya kulenga ina uzito wake.

Lakini nisijifanye najua yote. F4U-5 ni nzito zaidi, na chini chini hewa ni nene, ile faida ya injini inapungua. Kwenye kukata kona, FG-1D nyepesi ingeweza kumsumbua Soto. Nimelifikiria hili miaka mingi na bado siwezi kukwambia kiasi gani ni injini, kiasi gani ni mizinga, kiasi gani ni yeye mwenyewe. Naegemea mizinga, ila mimi nilikuwa fundi silaha, ungetegemea niseme nini?

Na ndiyo maana anayeniumiza roho ni Zepeda. Nimepakia mikanda ya risasi kwa mikono hii. Kiungo kimoja kikipinda kidogo tu, mkanda unasita, mzinga unanyamaza, na rubani aliye juu hana nyundo. Mara moja ndege yangu ilirudi na mkanda uliokwama. Ilikuwa mazoezi tu, lakini usiku ule sikulala. Video za mtandaoni Zepeda hawamtaji kabisa.

Ndege ya Soto, namba 609, iko makumbusho ya anga ya Tegucigalpa. Nikamtafutia kijana picha, nikamwambia hesabu. Akahesabu: nne. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama jenereta ya shemeji yake itakuwa tayari Ijumaa.